Pipa la Baba Neema

Kibaha, Jumamosi jioni, 1982

Mvua imenyesha tangu adhuhuri, na sasa imekatika ghafla kama mtu aliyenyamazishwa. Wageni wa matanga wameondoka. Naandika hapa jikoni, mikono bado inanuka kimea, na sina haraka ya kuinawa.

Shajara yangu, wewe nitakuambia yote, maana kesho kanisani sijui kama nitaweza.

Marehemu mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva wa mtaalamu mmoja wa kigeni. Yule bwana alipomaliza mkataba, gari lilirudishwa, ila tukaachiwa banda la gari na vitu viwili ndani yake: friji ya mafuta ya taa na pipa dogo la chuma lenye bomba. Alikuwa amemfundisha Baba Neema kupika bia nyumbani. Baba Neema akauchanganya ujuzi ule na wa kwetu Singida, kimea cha mtama na ulezi, ikatoka bia ambayo ndugu zake waliohamia Kisarawe waliipandia basi.

Mimi niliokoka miaka kumi na moja iliyopita. Niliahidi mbele ya madhabahu kwamba pombe sitainywa wala sitaitia mkono. Hakunicheka. Alilitia banda lake kufuli, akaendelea na mambo yake.

Wiki sita zilizopita alitoka bandani asubuhi, akaketi kwenye benchi, akaniomba maji. Nilipoyaleta alikuwa ameshakwenda.

Alikuwa ametoka kuonja lile pipa.

Daktari alisema ni moyo. Wifi yangu Salome hakusema moyo. Siku ya mazishi, wanawake wakichambua mchele, alisema, "Wifi yetu siku hizi malaika, pombe hagusi. Au anajua kilichomo?" Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Kule kuacha ndiko kulikoniuma.

Kwetu, pombe aliyoiacha marehemu hunywewa siku ya kuanua tanga, na anayeitoa huonja kwanza watu wote wakimtazama. Tunaita kutoa sumu. Mpishi akifa, huonja mjane. Asipoonja, hakuna anayemuuliza tena neno; huhesabiwa ndiye aliyemuua. Shemeji Zakaria, mdogo wake marehemu, aliniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, ukishindwa kuonja, Neema na mdogo wake nitaondoka nao. Si mimi, ni wazee."

Neema ana miaka tisa. Mdogo wake bado analala kifuani kwangu.

Tanga lilipangwa kuanuliwa leo, basi Jumatatu nikafungua banda. Friji ilikuwa imezimika tangu msiba, mafuta ya taa hayapatikani. Nikafungua bomba kidogo. Bia ikatoka vuguvugu, haina povu, kama maji yaliyooshewa mtama. Imelala. Pombe ya namna hiyo ukiileta mbele za watu umemtukana marehemu, na bado watasema imeharibiwa.

Dawa yake naijua, nilimtazama miaka yote nikiwa nje ya mlango. Pipa linatolewa kwenye friji, linalishwa sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu, linafungwa vizuri, linafunikwa gunia likae kwenye joto siku tatu nne mpaka gesi irudi. Ndipo linarudishwa kwenye baridi. Yeye aliita kufufua. Nilikuwa nikimkataza asilitumie neno hilo ovyo.

Sikuligusa. Nilipiga magoti pale sakafuni, nikamwomba Mungu anionyeshe njia isiyopita juu ya kiapo changu. Kisha nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga.

Jumanne asubuhi nikarudi.

Pipa lilikuwa nje ya friji. Limevikwa gunia, limefungwa kamba kwa fundo lake yeye, lile alilofungia mizigo juu ya gari. Nikaweka sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinachopumua polepole, kama mtu aliyelala chali.

Kufuli nililikuta limefungwa. Ufunguo ulikuwa pindoni. Pipa lile mimi siwezi kuliinua. Nikakimbilia jikoni kwenye kopo la sukari, ile niliyoipangia foleni duka la ushirika. Ilikuwa imebaki nusu. Kijiko kimesahauliwa ndani, kinanata, na chini ya kucha zangu nikaona nyuzi za gunia.

Sikumwambia mtu.

Kila siku nilikwenda kusikiliza. Jumatano pumzi zilikuwa za haraka. Alhamisi chuma kilikuwa na joto la mgonjwa. Jana kukawa kimya, nikajua bia iko tayari, na sijui nilijuaje. Shemeji Zakaria akaja na chupa mbili za mafuta kutoka Kisarawe, akawasha friji, yeye na jirani wakalibeba pipa wakihema.

"Nani amefunga fundo hili?" akaniuliza. "Hili la kaka."

"Nilikuwa nikimtazama akifunga," nikamjibu. Ulikuwa ukweli, lakini mdomoni ulikaa kama uongo.

Leo saa tisa watu wakakaa bandani kukwepa mvua. Salome akajitengea nafasi mbele. "Haya malaika, tunakusubiri."

Bomba likakohoa, povu likapanda mpaka ukingoni. Nilisali kikombe kikiwa mdomoni, sijui kama niliomba nisife au nisamehewe. Nikanywa. Nikabaki nimesimama, na wao wakabaki wananitazama, mpaka Zakaria akakipokea kikombe. Kilipomfikia Salome alikunywa.

"Huu ni mkono wa kaka," akasema. "Si mkono wa mtu mwingine." Akalia. Akaniomba radhi mbele ya wote, na wazee wakasema watoto wabaki na mama yao.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini walipoondoka niliingia bandani kukaza bomba. Sikulikaza. Nilijaza kikombe, nikaketi juu ya lile gunia, nikanywa taratibu mpaka mwisho, huku nikiitikia maneno ya sauti ninayoijua, ambayo mtu mwingine asingeyasikia. Nilicheka hata. Neema alinikuta nacheka, akarudi ndani bila kuniita.

Kikombe cha kwanza nilikinywa kwa ajili ya watoto wangu, na hicho kesho nitakiungama bila kuinamisha uso.

Cha pili nilikaribishwa. Mchungaji akiniuliza nilikaribishwa na nani, nitamjibu nini?