Milango Elfu Tano

Kettle Fork, Novemba 24

Kaka Arlen,

Natumaini barua hii itakukuta meli yenu ikiwa imetia nanga. Huku theluji imeanza, mbwa wako mzima, na Mama bado anapika supu utadhani tuko kumi.

Magoti yangu yamekwisha. Tangu Mei nimegonga milango elfu tano nikitafuta kiti cha bunge la jimbo. Bibi Ostby aliponiona mara ya tatu alicheka: "We Lorna, kura nimeshakuahidi. Sasa unataka nini tena, nikuozeshe mwanangu?" Mzee Haugland, aliyekalia kiti hicho miaka kumi na minane, hakugonga hata mmoja.

Tulitoka sare. Wakahesabu upya, sare ileile. Kwa sheria ya hapa, karani wa uchaguzi akatia majina yetu kwenye bakuli, akachomoa la Haugland; kiti kikabaki chake. Mzee akanishika mkono: "Pole, binti. Kura moja tu zaidi, ungeniondoa."

Mama anasema ni bahati mbaya. Nimemwacha aamini hivyo.

Leo nimesafisha meza ya jikoni. Chini ya rundo la vipeperushi vyangu, pale ninapotabasamu kama mjinga, nimekuta bahasha yako ya kura ya posta. Mara mbili ulinipigia simu kunisihi nikutumie bandarini upige kura. Mara mbili nilikujibu nina haraka, kuna watu bado sijawagongea.

Haijafunguliwa.

Dada yako,
Lorna