Skrubu za Ngazi ya Nyuma

Jumatatu, 4 Novemba

Jengo kuukuu, mtaa wa Vesterbro. Mimi na Flemming tunapitisha kebo za intaneti kwenye ngazi ya nyuma.

Lakini waya za umeme za zamani! Zimepanda ukutani sambamba, zikazunguka nakshi ya dari bila kuigusa. Na kila skrubu, toka chini hadi juu, mkato wa bisibisi kichwani umesimama wima. Nani ataziona, wakati ngazi hii ni ya kushushia takataka tu? Kizuri chajiuza, wanasema — hiki hakijapata hata mteja! Flemming akauliza kama nimeoa ukuta.

Nilitamani kumsimulia mtu. Nyumbani hakuna mtu. Nimekula mkate mweusi na samaki wa siki, nimesimama.

Jumanne, 5 Novemba

Skrubu za kampuni zina kichwa cha nyota, hazina wima wala ulalo. Nimeleta zangu za kizamani, nazisimamisha moja moja. Flemming: "Mzee, bosi halipii unyoofu!" Acha acheke.

Jumatano, 6 Novemba

Ajabu. Jana nilichoka, skrubu moja ya ghorofa ya tatu nikaiacha imeinama. Leo iko wima! Flemming anaapa si yeye. Namwamini — hata kamba za viatu zinamshinda.

Basi humu kuna mtu anayeona ninachokiona. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Nimeinamisha nyingine, makusudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Imenyooshwa.

Nimesoma majina yote milangoni. Lakini kugonga bila kualikwa? Huku kwetu hatugongi. Tangu mke wangu Birthe aniache, jirani yangu namjua kwa kikohozi tu. Kesho tunamaliza, Jumatatu tunahamia kazi nyingine, mji wa Odense. Nisipompata mtu huyu kesho, basi tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Flemming kawahi bia ya Ijumaa. Hakunialika. Zamani alinialika, nikawa nakataa. Nimeinamisha skrubu moja, nikaketi ngazini kungoja.

Mlango wa ghorofa ya nne ukafunguka. Bibi mwembamba, sweta ya buluu, bisibisi mkononi. Akainyoosha skrubu kwanza, ndipo akanitazama.

"Kumbe wewe ndiye mzembe."

Nikasema nilifanya makusudi.

"Zote?"

Ya kwanza hapana, nikakiri. Akacheka! Anaitwa Gudrun. Waya zile za zamani alizifunga na mumewe: mume akishikilia waya, yeye akikaza skrubu. Walikuwa wakigombana mpaka majirani wanatoka nje. Tangu mume afariki, anasema, hakuna aliyewahi kuzitaja.

Nikamwambia nimezitazama wiki nzima. Akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Kahawa ipo," akasema, akapanda. Hakungoja jibu. Ameacha mlango wazi — Novemba hii, joto lote linamwagika nje.

Naandika hapa hapa ngazini. Nasikia vikombe. Ndicho nilichokuwa nakitaka wiki nzima, na miguu haitaki. Nimesahau jinsi watu wanavyokaa mezani. Na habari za skrubu zikiisha, nitasema nini?

"We fundi! Umefia huko chini?"

Bado sijasimama.