Taa ya Ghalani

Shikamoo, mama.

Nimeandika salamu, kisha nikakaa nikiiangalia tu, maana marahaba yako haiji. Lakini ulinilea hivyo, mtu hafungui kinywa mbele ya mkubwa bila shikamoo. Sitaanza utovu wa adabu leo eti kwa sababu wewe umelala kule makaburini na mimi niko hapa nyumbani Kitangari, nimekalia kigoda chako cha kuchambulia korosho.

Nataka kukupa habari za baba.

Tangu tukuzike hakulala tena ndani. Watu wa hitma walipoondoka alibeba mkeka na shuka, akahamia ghalani kwako. Nilidhani ni uchungu wa siku za mwanzo, nikarudi Masasi kwenye kazi zangu za umeme. Mama Fadhili ndiye aliyenipigia simu. Unamjua jirani yako, hana maneno ya kuzunguka: "Somoe, njoo umtazame baba yako, anakohoa mpaka kuku wangu wanashtuka."

Nikaja. Nikamkuta kalala kando ya betri ya sola, mlango umefungwa. Mama, nilipoifunga ile betri niliwaambia nyote wawili kwamba ikichajiwa inatoa hewa kali, binadamu halali nayo chumba kimoja. Na taa yako ilikuwa inawaka mchana kweupe. Hakuizima tangu ulipoondoka. Nilikasirika, nikamwambia baba maneno ambayo ungenikata jicho. Yeye akageukia ukutani.

Nikajiambia, mzee anafuata mwanga. Ndani tuna umeme wa nguzo, na unavyokatika unaujua mwenyewe. Nikivuta umeme wa sola kutoka ghalani mpaka ndani, taa za nyumba zikawa hazizimiki, atarudi kitandani kwake kabla mvua hazijaanza.

Fundi mwenzangu niliyekuja naye akashauri tuzihamishie paneli juu ya nyumba, yaishe. Kijana wa watu katokea sehemu zenye mito, hajui. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu nilikuona umesimama uani, mikono kiunoni, siku paneli zilipoletwa: "Paa la nyumba ni la maji ya kunywa. Hapandi mtu na viatu vyake." Nikamweleza kwamba huku kwetu tunakunywa kinachotiririka kwenye bati, na anayetoboa bati anajibu kwa mama. Tukakubaliana waya upite chini ya ardhi.

Nikaanza kuchimba mtaro, mstari ulionyooka kutoka ghalani hadi kwenye mita. Baba akatokea mlangoni.

"Wewe! Unataka kukitoboa kisima cha mama yako?"

Nilijua kisima cha kuhifadhia maji ya mvua kiko uani, ila sikujua chini kinafika wapi. Yeye anajua, maana mlikichimba wawili, mimi bado sijazaliwa. Akachora kwa kidole cha mguu mahali ukuta wa kisima unapozungukia, akaninyang'anya jembe. Alichimba, akakohoa, akapumzika, akachimba tena. Nilimwacha. Mtaro umepinda vibaya, walimu wangu wa chuo wangeukataa, lakini sikuunyoosha hata kidogo.

Ukutani nimefunga ile swichi kubwa ya kuchagua, umeme wa nguzo au wa jua, kamwe visiingie pamoja, usije umeme wetu ukapanda nguzoni ukamuua fundi anayedhani laini imezimwa. Unakumbuka nilipokueleza jambo hilo? Ukasema, "Ahaa, wake wawili, jiko moja. Akiingia huyu, yule atoke." Kila ninapoifunga kwa wateja nakusikia.

Kazi ilipokaribia kwisha baba aliniita kando. Akauliza taratibu, macho kayainamisha:

"Sasa ukiuchukua umeme, Mama Somoe nimwache gizani?"

Mama, nilishindwa. Nilikaa kwenye udongo na koleo langu nikalia. Kumbe hakuwa anafuata mwanga. Kila jioni ukimaliza kazi zako ghalani ulipaza sauti, "Nazima!" Naye akaitikia kutoka ndani, "Zima!" Halafu tunasikia kandambili zako zinavuka uwanja. Miaka yote taa ile ikizimwa, wewe uko njiani unakuja. Angeizimaje sasa, halafu akae asikilize uwanja usio na mtu?

Nikamwambia, baba, waya hauchukui taa. Ya ghalani inabaki palepale, na ndani mnapata nyingine. Akafikiri sana. Mwisho akasema, kama ni hivyo, swichi ya ile taa niilete kitandani kwake, aizime mwenyewe. Nikapitisha waya wa pili kwenye mtaro uleule uliopinda.

Jana, baada ya swala ya isha, alirudi ndani na mkeka wake. Betri imebaki peke yake ghalani, dirisha nimelifungua. Nilikuwa sebuleni nakunja nyaya zilizobaki. Nikamsikia anakaa kitandani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama anaruhusiwa:

"Nazima."

Nikaacha kukunja nyaya. Sikujua kama jibu lile ni langu kulitoa. Lakini sikuweza kumwacha aning'inie na neno lake gizani.

"Zima, baba," nikaitika.

Akazima.

Nitakaa hapa mpaka kikohozi kimwachie. Nikirudi Masasi nitampigia simu kila jioni saa hiyohiyo, nimwitikie, hata kama niko juu ya dari la mtu. Paneli nitazifuta mwenyewe. Na paa lako hapandi mtu na viatu vyake, nakuahidi.

Lala sasa, mama. Taa tumeizima.

Mwanao,
Somoe