Barua Nisizoandika

Kakuma 1, 3 Machi 2025

Dada Nawoi,

Ejok? Salamu ya Kiturkana chenu sijaisahau. Joto la Lodwar linawaacha mpumue? Sisi wazima, ila goti la mama. Gatjang wa matatu atakuletea karatasi hii, maana baruapepe yangu naiogopa. Tangu Jumatano inaniambia, "Ujumbe wako haukufika," na mimi sijaandika kitu. Walioandikiwa ni Kuany, mwalimu wetu wa kwaya, na Puok mwimbaji, wote tuliwazika. Jana, kaka yangu Bior. Unajua aliondoka na laptopu yake kwenda Juba miaka mitatu iliyopita, kimya mpaka leo, na mama anakataa ibada ya maombolezo. Aliposikia jina lake aliacha kula. Wewe fundi wa kompyuta za ofisi, nani anawaandikia marehemu kwa jina langu?

Mdogo wako, Nyibol

Lodwar, 8 Machi

Mdogo wangu,

Ejok-nooi. Mama asibebe maji, goti lipone.

Ni virusi. Vimeingia kwenye mashine ya mtu, vimeokota anwani zilizomo, vikachukua yako kuwa mtumaji. Walio hai wanapokea tu. Sanduku la marehemu, au lililoachwa miaka, hufungwa, basi barua inarudi kwako. Ndiyo maana unaona wafu peke yao. Usifungue kiambatisho chochote, hata kikiwa na jina langu, kabla hujanipigia simu. Weka antivirus.

Lakini ni mashine ya nani yenye anwani zenu wote pamoja? Chapisha barua moja iliyorudi, na yale maandishi madogo ya chini, uniletee.

Dada yako, Nawoi

Kakuma 1, 13 Machi

Dada,

Hujambo? Barua iliyorudi nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii. Anwani za kwaya alikuwa nazo katibu wetu peke yake, Bior. Laptopu yake imewashwa, dada. Mama ameshafua shuka zake. Kiambatisho kinaitwa "Orodha ya majina ya safari", na sisi tunaongoja kuitwa ng'ambo, nani angekiacha? Bior angekifungua mbio. Niambie yuko Juba.

Mdogo wako, Nyibol

Lodwar, 17 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama. Ile barua iliyorudi nimeisoma mara tatu. Haitoki Juba. Imetumwa kutoka mtandao wa hapo kambini, upande wa Kakuma 3, saa tano asubuhi. Usiende peke yako.

Dada yako, Nawoi

Kakuma 1, 2 Aprili

Dada Nawoi,

Nisamehe kimya changu. Tuliuliza kwa mafundi, laptopu tukaipata kwa Sylviane, mama Mkongo anayetengeneza simu Kakuma 3. Huiwasha saa tano, sola ikishika nguvu. Alifungua ile orodha kutafuta jina lake, maskini. Laptopu aliuziwa na mtu asiyemjua, pamoja na begi na viatu, Jumatano kabla ya Pasaka ya mwaka ule ule. Bior aliondoka hapa Jumapili ya Matawi. Siku tatu, dada. Hata mpakani sidhani alifika, na sisi tulikuwa tunamwekea chakula.

Nimelia mpaka nimechoka. Ibada ni Jumapili, mama mwenyewe ameitaka. Lakini laptopu ameileta nyumbani, na Sylviane alipotaka kuisafisha virusi, mama alimkataza. Anakaa mbele yake kutwa nzima. Anasema Bior hakuwa mtu wa kuandika, sasa anaandika kila siku. Nimeshindwa kumbishia, na bando namnunulia mimi.

Leo zimetoka barua kumi na saba. Usifungue hata moja.

Mdogo wako, Nyibol