Magoti ya Mkulima wa Ndungu

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua nikiwa darasa la sita, na siwezi kuanza bila salamu.

Tangu tukuzike Vudee mambo yamebadilika. Mama wa nyumbani kwako ameanza kucheka tena. Na ile hadithi yako fupi, ya mkulima aliyempiga jirani yake jembe akamuua kwa kugombea zamu ya maji, sasa inasomwa chuo kikuu. Mwezi uliopita niliitwa kwenye kongamano la kuijadili. Maprofesa wawili walivutana asubuhi nzima. Mmoja alisema ulinakili tu kesi ya kweli ya Ndungu. Mwenzake akakataa: mahakamani muuaji hakuomba radhi, ila kwako anampigia mjane wa marehemu magoti. "Mwandishi amemsafisha mhalifu," alisema.

Iliniuma. Nilikumbuka tulivyoshuka Ndungu kwa bodaboda, nawe kila kona unamwambia dereva, "Taratibu baba, nina hadithi haijaisha." Ulikwenda kumwomba mjane ruhusa ya kuandika. Akakujibu, "Andika, ila usimfanye mume wangu malaika. Alikuwa mbishi." Ukacheka mpaka ukavua miwani.

Lakini kuhusu yale magoti sikujua yalikotoka. Niliondoka bila kukutetea, Mwalimu. Nisamehe.

Jumamosi nikaenda kwa yule mjane. Nilimkuta anaanika mpunga, nikamweleza walichosema wasomi. Aliendelea kuugeuza kwa miguu, kisha akasema, "Mwalimu wako alirudi peke yake kunisomea. Hayo magoti hayakuwemo. Mimi ndiye niliyemwomba ayaweke. Yule mtu alifia gerezani, mwanangu. Nilitaka niombwe radhi, hata kama ni kwenye karatasi."

Hukuniambia. Watu walisema mwisho wa hadithi yako ni dhaifu, nawe ukanyamaza, miaka yote ile... Nililia pale pale, akanipa pindo la khanga yake nijifute.

Ninaandika makala ya kuwajibu. Nilimuuliza kama nimtaje. "Usinitaje," alisema. "Waambie tu hayo magoti yana mwenyewe."

Nakuahidi jina lake halitatoka kwangu. Na kila mavuno nitashuka kumsomea, maana macho yake yamefifia. Jumamosi ile nilimsomea hadithi yako yote. Nilipomaliza akaniomba nirudie mwisho, polepole.

Lala salama, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Naomi