Kifaru cha Kanyakine

Jumamosi, 12 Mei 2018

Kimetembea! Asubuhi baada ya uji mdogo wangu Mutugi alisukuma kidude cha rimoti na kifaru chetu cha vita kikatambaa chenyewe kutoka karakana hadi kwenye migomba. Nikapiga kigelegele. Halafu kikakataa kukata kona, kikauvamia ua wa mama na kuulaza chini kama nyasi.

Mama alitoka na kisu cha kumenyea ndizi. Hakukasirika. Aliuliza ule mdomo mrefu wa mbele unaitwaje. Mzinga, nikamwambia. Akauliza asali itatokea wapi. Mutugi alicheka hadi akaketi chini, na kuketi chini si rahisi kwake na ule mguu wake ulioumia.

Miaka yote hii nimechomelea mageti na madirisha ya watu wa Kanyakine. Sikuwahi kuota nitachomelea kifaru! Theluthi ya kile cha kweli, asema Mutugi, na yeye ndiye ajuaye, alikuwa dereva wa vifaru jeshini. Tangu arudi na mguu mbovu alikuwa wa kukaa kwenye kiti pale mlangoni tu. Watu wakipita: Komando, habari? Anapunga mkono. Basi. Siku hizi anaamka kabla yangu. Nasikia nyundo ikilia nikiwa bado kitandani na namshukuru Mungu.

Lakini ule ua. Ulikuwa na nguzo za mti mgumu. Kifaru hakikupunguza hata mwendo. Kina uzito wa ng'ombe wawili walioshiba. Kikikutana na mguu wa mtu je?


Alhamisi, 24 Mei

Muturi amekuja kutoka Runyenjes kukagua. Ni mkuu wa chuo cha ufundi huko, tena yuko kwenye kamati ya maonyesho ya kilimo ya Meru mwezi ujao. Yeye ndiye aliyetutafutia nafasi uwanjani. Amezunguka kifaru mara kadhaa, viatu vyake safi vikikwepa vumbi la chuma. Akapenda. Akasema wazi mbele ya mama: maonyesho yakienda vizuri, Mutugi ataajiriwa pale chuoni kufundisha mambo ya mitambo. Mama alifunika uso kwa leso.

Halafu yakaanza maswali yake. Mbona hakipigi mzinga? Akanigeukia: "Madam, wewe ni mtu wa welding, kabaidi ya kutengenezea gesi unayo. Weka kidogo, maji kidogo, cheche — pa! Watu watakimbia kuja."

Nikamwambia watakimbia kweli, lakini si kuja. Mlio kama huo katikati ya umati, siku hizi za magaidi? Watoto watakanyagana. Na gesi ya kabaidi naijua, haina rafiki.

Mutugi naye akakataa. Tutaweka spika ndani, ingurume tu. Muturi akakubali kwa shingo upande. Kisha akaona michoro yangu ya kamba za kuzuia watu. "Kamba mbili? Madam, watu hawalipi kiingilio kutazama kamba."

Nikaikunja michoro yangu. Ndiye mwenye kazi anayoitaka Mutugi.


Jumapili, 3 Juni

Kanisani wametuombea. Mchungaji amemwita Mutugi mbele, shujaa aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi, sasa anajenga badala ya kubomoa. Makofi. Mutugi alitazama sakafu. Njiani alichechemea kuliko kawaida. Nilimuuliza kama ni mguu. Akasema ndiyo, mguu.

Nimefunika minyororo ya kutembelea ya kifaru kwa mabati pembeni ili kidole cha mtoto kisiingie. Nimepiga msasa kila ncha. Bado naona ncha hata nikifumba macho.


Jumanne, 5 Juni

Tumefika Meru. Kukipakia kwenye lori ilikuwa vita, mbao mbili za kupandishia na wanaume wanaopiga kelele kuliko wanavyosukuma. Mvua nyembamba, baridi ya Juni. Uwanja wetu una mteremko! Hakuna aliyeniambia. Nyasi zimelowa. Kitu kizito, nyasi mbichi, mteremko kuelekea watu — nilitaka tukirudishe nyumbani pale pale.

Nimepiga vigingi. Kamba ya ndani, kamba ya nje, katikati pasiwe na mtu. Nimeomba tugeuziwe njia, kifaru kitembee kwa kukatiza mteremko, kisiufuate; wamekubali. Nyuma yake kuna plagi nyekundu ya dharura yenye kamba ndefu inayoburutika chini. Ukivuta, umeme wote unakatika, kinasimama papo hapo. Nimeijaribu tena na tena hadi Mutugi akanikemea, "Dada, utaichosha!"

Jirani yetu ni Sahro, mwenye duka mjini Maua, anauza maziwa ya ngamia na sambusa. Alipoona turubai linafunuliwa alirudi nyuma hatua moja. Nikadhani tumemkwaza. Baadaye akaniuliza kama kuna mtu atakayekuwa akikaa ndani. Nikasema hapana, ni rimoti. "Afadhali, nimeshaviona vyenye watu," akasema. Akaniletea chai.


Jumatano, 6 Juni

Siku ya kwanza salama. Watu wengi! Wazee wanagonga chuma kwa fimbo, kina mama wanauliza kama kinaweza kulima. Mutugi amevaa jaketi lake la kijani, amesimama wima. Anakiendesha kama anaandika kwa kalamu. Mbele, nyuma, mnara wa mzinga unazunguka, spika inanguruma. Mimi nashika ile kamba ya plagi na kutembea nyuma kama mchunga ndama.

Sijala. Kila nikifungua mdomo nitafune mtu anaegemea kamba.


Alhamisi, 7 Juni

Siku ya shule.

Watoto walikuwa wamejaa kuanzia kibanda cha Sahro hadi kwenye mabanda ya ng'ombe. Sweta za kila rangi. Walimu wamechoka. Wa nyuma wanasukuma, wa mbele wamebanwa kwenye kamba ya nje. Nikaiacha kamba ya plagi — kidogo tu! — nikaenda kuwaambia wasisukume. Mutugi alikuwa anakirudisha kifaru nyuma.

Msichana mmoja kofia yake ikaruka. Ikaanguka ndani. Akapita chini ya kamba ya kwanza, akapita chini ya ya pili, akainama kuiokota. Nyuma ya kifaru. Kifaru amekipa mgongo, na ile ngurumo ya spika — hangesikia chochote.

Nikapaza sauti, "Mutugi, simamisha!"

Mutugi alikuwa anamtazama yule mtoto. Alimwona kabla yangu. Uso umekuwa kama majivu, na kidole kimeganda kwenye rimoti. Angeachilia tu! Ukiachilia kidole kinasimama, ndivyo tulivyokitengeneza. Hakuachilia. Kifaru kinarudi, kinarudi.

Nilikimbia. Niliteleza kwenye nyasi, nikaanguka, nikaishika ile kamba ya plagi nikiwa chini nikaivuta kwa mwili mzima. Plagi ikachomoka. Kimya.

Mnyororo ulikuwa umeshakanyaga kofia. Msichana alikuwa bado ameishika ukingo. Hakulia. Alivuta kofia yake, ikakataa kutoka, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Na watu wakapiga makofi! Walidhani ni mchezo. Wakapiga miluzi, wakaomba urudiwe. Mwalimu wake alimchukua akicheka.

Ni Sahro peke yake aliyeelewa. Aliruka kamba na gauni lake refu, akamtoa Mutugi ile rimoti vidoleni, kidole kimoja kimoja, akimsemesha polepole kama mtu anayemtuliza ngamia. Kwangu akasema tu, "Dada, ule haukuwa mchezo."


Ijumaa, 8 Juni

Asubuhi nilitangaza kwamba betri zimeharibika. Uongo. Kifaru kilikaa tu kikipigwa picha na mimi nikapumua.

Mchana Mutugi aliniita nyuma ya hema. Tulikuwa tunakula mukimo wa viazi na nyama kwenye sahani moja. Akaniuliza kama najua mguu wake uliumiaje. Nikasema vitani, kila mtu anajua.

"Si vitani," akasema.

Ilikuwa katika gereji ya kambi ya jeshi. Alisimama nyuma ya kifaru kumwongoza rafiki yake akirudishe. Akageuka kidogo tu, mtu amemwita. Rafiki hakumwona. Hakuna adui, hakuna risasi. Aliporudi nyumbani watu wakaanza na hilo jina la Komando, mama akafurahi, naye akakosa pa kuanzia kusema kweli. Miaka inapita, jina linakua.

"Jana nilipomwona yule mtoto ameinama," akasema, "nilisikia mguu wangu. Si kukumbuka, dada. Nilisikia. Mkono ukawa si wangu."

Nilimsogezea nyama kwenye upande wake wa sahani. Niliwaza ile siku kanisani, alivyokuwa akitazama sakafu.

Basi Muturi akatokea! Anang'aa uso. Kesho mgeni rasmi atapita hapa, na msafara wake, na watu wa televisheni. Wamesikia habari za jana, kifaru kilivyosimama karibu kabisa na mtoto. Wanataka hiyo hiyo. Kamba za mbele zitolewe, mgeni asimame hapo, kifaru kimjie na kusimama miguuni pake. Barua ya kazi Muturi atampa Mutugi hapo hapo, mbele ya kamera. Jumatatu aripoti.

Nilimweleza. Nilisema jana tulikaribia kumuua mtoto. Akacheka, akaniambia niache woga wa kike, kifaru kilisimama ama hakikusimama?

Nilimgeukia Mutugi aseme. Akasema, "Nitafanya, Bwana Principal."

Tulipobaki wawili nilimkalia kooni. Akaniambia ana umri wa kuwa na watoto shuleni na bado anakula kwa dada yake. Kazi nyingine itatoka wapi na mguu huu? Nikamuuliza, na kidole kikiganda tena? Akainuka akaenda zake.


Jumamosi, 9 Juni

Naandika nikiwa juu ya kifaru. Nimeketi kwenye mnara, kitabu kwenye goti, miguu pande zote mbili za mzinga. Watu wanatazama. Wacha watazame.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nilikuta vijana wa kamati wamekwisha ng'oa kamba zangu na kuzikunja. Mbele wametandika zulia jekundu, chini kabisa ya mteremko. Nyasi zina umande hadi sasa. Nikachomoa plagi ya dharura nikaitia mfukoni. Fundi wa chuo cha Muturi akacheka, akasema si kitu, ni waya mmoja tu, ataunganisha moja kwa moja. Na akaunganisha! Sasa kifaru hakina plagi. Hakuna wa kukisimamisha ila Mutugi na kidole chake.

Nilimwambia Muturi. Nilimwambia mkuu wa usalama. Nilimwambia bwana wa kamati mwenye beji, akaniuliza mimi ni nani hasa. Fundi, nikasema. Fundi wa nini? Wa hiki. Akaniambia nimwone baada ya hafla.

Basi nikapanda. Sikupanga. Niliona tu kwamba kitu hiki hawatakitembeza mtu akiwa juu yake, angalau si mbele ya kamera.

Muturi amekuja mara ya kwanza kwa upole: madam, shuka tafadhali. Mara ya pili bila madam. Sahro amesimama upande huu akijifanya anapanga vikombe, lakini haondoi macho. Nimemharibia ndugu yangu maisha — naliwaza hilo kila nikipumzisha kalamu. Mama akisikia atasema nini?

King'ora. Msafara umeingia langoni.

Mutugi amefika. Alikuwa hajulikani alipo tangu chai. Amevaa lile jaketi, amenyoa. Rimoti mkononi. Ameniangalia muda mrefu na nilijua ataniambia nishuke, nilishatayarisha maneno ya kukataa.

Amempa Sahro rimoti. Ameshika mzinga, amejivuta juu, mguu mbovu umegonga chuma nikasikia uchungu mimi. Sikumsaidia, hapendi.

"Dada, sogea kidogo."

Nimesogea. Chuma ni baridi. Watu wanacheka, wanainua simu zao. Mtu amepiga kelele, Komando! Mutugi amemwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye si komando, aliumia gereji. Sidhani yule amesikia. Mimi nimesikia.

Milango ya magari inafunguliwa kule. Muturi anakuja mbio, bahasha mkononi, askari wawili nyuma yake. Amefika. Hanitazami hata. Anamuuliza Mutugi kama kazi anaitaka ama haitaki.

Anaitaka. Sote watatu tunajua anaitaka. Lakini hajashuka, na kifaru hakitembei.