Kila Kikombe Nachora Mgongo wa Mke Wangu

Bwera, Agosti 1973

Mama Hajara mpendwa,

Nakuandikia kuomba ushauri kama wengine wanavyokuandikia, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana mimi ni mwanamume mzima ninayefinyanga vikombe, na huku watu hawachoki kuniambia kwamba vyungu ni kazi ya wanawake. Naitwa Xavier, mkimbizi kutoka Butembo. Zamani nilichora picha za vitabu vya kusomea vya misheni, na Bruda mmoja pale ndiye aliyenifundisha udongo na tanuri, tukawa tunachora vikombe na sahani kwa mkono, na chini ya kila chombo naweka ndege mdogo badala ya jina, kwa sababu Bruda alisema kazi ni ya Mungu na jina la mtu linaleta majivuno. Hapa Bwera, upande wa Uganda, nimejenga tanuri langu kwa matofali yaliyotupwa kule Hima, rafiki yangu Odoch, dereva wa lori, ndiye aliyeniletea, na rangi naipata kwenye mawe ya shaba yanayookotwa njiani chini ya mgodi wa Kilembe. Nayasaga, nikiyapaka yanakuwa meusi kama masizi, yakitoka motoni ni kijani. Kijani hicho ndicho cha kitenge cha mke wangu Wivine.

Mwaka 1964 vita vilipofika kwetu tulikimbia kwa miguu, sisi wawili, na tulipokaribia Kasindi, mpaka tayari tunauona, Wivine akasimama akasema mama yake amebaki peke yake Mutwanga na hawezi kumwacha. Akaniambia, "Xavier, weye endelea, tutakutana ngambo." Nikamjibu kwamba mguu unaniuma, siwezi kurudi naye. Akautazama mguu wangu, akafunga kitenge vizuri, akageuka, nami nikamwangalia mpaka kwenye kona. Mama, mguu haukuuma. Niliogopa. Sijamwambia mtu neno hili mpaka leo.

Niliulizia kwa wafanyabiashara, wakasema mama alizikwa, nyumba ni tupu, na binti ameondoka, wengine wanasema Beni, wengine Butembo, wengine hawajui. Tangu hapo nachora kitu kimoja tu, barabara na mwanamke wa kitenge cha kijani anayekwenda zake, kwa nyuma, kama nilivyomwona mara ya mwisho. Hata askari wa mpakani wanamjua. Mmoja aliinua sahani akauliza, "Wewe, hii mwanamke iko nani? Kwa nini inapatia mimi mgongo?" Nikamwambia, "Afande, iko bibi yangu." Akacheka, akachukua sahani. Vikombe vyangu navituma Kongo na Mama Sophie, anayevuka kila wiki kwenda kuuza, na moyoni nasema siku moja Wivine atakiona kimoja atajua ni mkono wangu. Miaka tisa, Mama. Kila nikifungua tanuri namwona anaondoka upya, na bado nafurahi kumwona.

Sasa mwezi uliopita Mama Sophie akaja na habari. Akaniambia, "Kakule wa soko ya Butembo anasema mwanamuke moja alifika pa meza yake, akakamata kikombe yako, akaigeuza, akaangalia chini, akaigeuza tena. Akauliza, 'Ii inatoka wapi?' Kakule akamujibu hajui, ye ananunua tu kwa batu. Akairudisha pa meza, akaenda." Nilimuuliza alivaa nini, ana umri gani, Sophie hajui. Tangu siku hiyo nimevunja vikombe viwili.

Na kuna Kyomugisha, mwalimu wa Kinyamaseke, mwanamke mwema sana, mwaka wa pili huu anakuja kukaa na mimi nikifanya kazi, nami nikimsikia anapiga hodi nafurahi, sitaficha. Ameniambia, "Xavier, mimi sina haraka. Wewe chora mimi sahani moja tu, yeye asikuwe ndani." Nimejaribu mara tatu. Nilianza mlima, nikaanza ndege, nikaanza mgomba, na kila mara mkono unarudi kwenye ile barabara. Mwezi ujao anahamia kwa kaka yake Mbarara kama sina jibu. Mama, niendelee kumngoja Wivine, au nijilazimishe nichore sahani hiyo nioe? Nimemkumbuka mke wangu mpaka nimechoka, na sijui kuacha.

Xavier, mchoraji

*

Xavier ndugu yangu,

Sikukucheka. Mwanamume anayesaga mawe ili apate rangi ya kitenge cha mkewe, nani atamcheka? Vyungu vyako endelea navyo, na wanaokusema mbona wanakunywa chai kwenye vikombe vyako.

Ila nitakugombeza, kwa hiyo kaa chini. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye habari ya Kakule niliiweka mezani nikaenda kujichemshia maji. Unaniambia mwanamke aligeuza kikombe akatazama chini, mara mbili. Alikuwa anatafuta nini, Xavier? Alikuwa anatafuta wewe uko wapi. Na umemwekea nini pale? Ndege. Miaka tisa unatuma vikombe ng'ambo, na hakuna hata kimoja kinachosema Bwera. Kama huyo si Wivine, basi. Lakini kama ndiye, ndege wako anamjua, na ameondoka sokoni akijua mambo mawili: kwamba u hai, na kwamba humwiti.

Usinitajie Bruda. Bruda alikukataza majivuno, hakukukataza anwani. Mkono unaoweza kuchora kona ya barabara hauwezi kushindwa na herufi tano za Bwera. Hukuandika kwa sababu ya ule mguu. Ulitaka ajue unampenda bila yeye kujua pa kuja kukuuliza. Ndiyo maana umemchora kwa nyuma miaka yote hiyo, maana akigeuka atakutazama mguu tena. Nakuonea huruma, kwa kweli. Kuogopa vitani si jambo la ajabu, wengi waliogopa na leo wanajisifu. Lakini huruma yangu haitakuvusha mpaka.

Sasa fanya hivi. Tanuri lijalo, chini ya kila kikombe, pembeni ya huyo ndege wako, andika kwa ile rangi ya kijani: Xavier, Bwera. Mwambie Mama Sophie asimwuzie Kakule tu, amweleze vikombe vinatoka kwa nani, na yule mwanamke akipita tena aitwe, apewe kikombe bure. Waandikie na mapadri wa Butembo na Beni, wamtangaze kwa jina lake na la mama yake baada ya Misa. Barua, si picha.

Na Kyomugisha usimchoree sahani ya uongo. Nenda Kinyamaseke wiki hii, usingoje mwezi uishe, umwambie hadithi ya mguu kama ulivyoniambia mimi, halafu umwombe muda mpaka Krismasi. Anaweza kukataa. Ana haki, naye amekaa kwenye kigoda chako miaka miwili akitazama mgongo wa mwanamke mwingine. Krismasi ikipita kimya, utakuwa umeita kwa sauti na hukujibiwa, na hapo ndipo mkono utajua kuchora mlima. Kabla ya hapo usiulazimishe.

Lakini Wivine anaweza kuja. Akisimama mlangoni kwako na kitenge chochote kile, mpe kiti, mpe maji, na usimwonyeshe sahani hata moja. Atakutazama mguu. Mwambie haukuuma.

Mama Hajara